Kugeuza mpangilio wa gia za pikipiki: ya kwanza juu, nyingine zote chini

Mkazi_wa_Kikuyu

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Ninaomba ushauri wa mafundi na waendeshaji wazoefu. Ninaishi Kikuyu, Dodoma, na ninatumia Honda ya sisi (cc) 250 yenye gia sita ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika. Gia zake zimepangwa kwa namna tuliyoizoea wengi: ya kwanza inaingia kwa kukanyaga pedeli chini, nyutro (pasipo na gia) ipo kati ya ya kwanza na ya pili, kisha ya pili hadi ya sita zinaingia kwa kuinua pedeli kwa vidole vya mguu. Miaka miwili iliyopita niliumia kidole gumba cha mguu wa kushoto nikicheza mpira, na ingawa mfupa ulishaunga, kiungo chake hakijarudia hali ya zamani. Kila siku ninakwenda kazini Mtumba na kurudi, na kwa sababu ya matuta, taa za barabarani na malori yanayoelekea Morogoro, ninabadilisha gia mara nyingi mno, kiasi kwamba ifikapo jioni hata kuvua kiatu ni shughuli.

Nimefahamu kwamba waendeshaji wengi wa mashindano ya lami hutumia mpangilio uliogeuzwa, yaani gia ya kwanza inaingia kwa kuinua na nyingine zote kwa kukanyaga. Nikajiambia kwamba huenda hiyo ndiyo dawa yangu, maana kukanyaga hakuniumizi hata kidogo. Kinachoniumiza ni kuinua. Ninachotaka kujua ni kama kazi hiyo inafanyika bila kufungua injini, na kama giaboksi haitaharibika. Aidha, ninayo bodaboda ya sisi 150 ambayo kijana mmoja anaiendesha kwa hesabu ya siku, nami huichukua Jumapili. Je, inawezekana zote mbili zikageuzwa ili mguu wangu usichanganyikiwe?

Fundi_Majengo

Ndugu yangu, nianze na jambo ambalo huwaogopesha watu bure. Injini haifunguliwi, na giaboksi haidhuriki. Ndani ya injini kuna shafti ya gia ambayo ncha yake imetokeza nje upande wa kushoto, si mbali na sproketi ndogo ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni. Ukiizungusha kidogo kuelekea upande mmoja, kucha zilizo ndani husukuma ngoma ya gia hatua moja. Ukiizungusha upande wa pili, ngoma hurudi hatua moja. Ngoma haijui kama mguu wako umekanyaga au umeinua. Inachopokea ni upande ambao shafti imezungushwa, basi, kwa hiyo kazi yote iko nje, kati ya pedeli na shafti.

Katika pikipiki kama yako pedeli haikai juu ya shafti yenyewe. Ina mhimili wake karibu na sehemu ya kuwekea mguu, na kutoka kwenye pedeli hiyo hupanda rodi nyembamba hadi kwenye mkono mfupi uliobanwa kwenye meno ya shafti. Mkono ule ukiwa umeelekea nyuma, unageuzwa uelekee mbele. Ukiwa umeelekea mbele, unarudishwa nyuma. Na kwa pikipiki ambazo rodi yake imelala, mkono ulioelekea chini unageuzwa uelekee juu. Rodi ile ile ikisukumwa kwa namna ile ile, shafti sasa inazunguka kinyume, na mpangilio wako umegeuka.

Kabla ya kufungua chochote, weka alama ya rangi kwenye shafti na kwenye mkono, ili siku ukitaka kurudisha usianze kubahatisha jino baada ya jino. Bolti inayobana mkono kwa kawaida hufunguliwa kwa spana namba 10, na ni lazima itolewe yote, kwa sababu katika pikipiki nyingi hupita kwenye mfereji uliochongwa kwenye shafti; anayelegeza tu kisha akaanza kuvuta ataishia kuchukua nyundo, na nyundo juu ya shafti ya gia ni dhambi. Mkono ukishageuzwa, urefu wa rodi utahitaji kurekebishwa. Rodi hizi zina hesi (nyuzi za kufungia) ya kulia upande mmoja na ya kushoto upande wa pili, hivyo ukilegeza nati zake mbili za kufungia na kuizungusha rodi yenyewe katikati, inarefuka au inafupika bila kuing'oa. Lenga rodi na mkono vikutane kwa pembe ya digrii 90 au karibu na hapo pedeli ikiwa imetulia. Pembe ikiwa imebana sana, gia zitaingia vizuri upande mmoja na kugoma upande wa pili, nawe utadhani giaboksi imekufa.

Baada ya hapo sukuma pedeli hadi mwisho wake, juu na chini, huku ukiangalia kama inagusa stendi ya pembeni, kifuniko cha sproketi au cheni. Hapa ndipo pikipiki nyingine hukataa kabisa: mkono unageuka, lakini rodi haina njia ya kupita. Bolti ibanwe kiasi cha nyutoni mita 10. Ukizidisha utapasua mkono, kwa sababu mingi ni ya aluminiamu. Jaribio la kwanza lifanyike gurudumu la nyuma likiwa hewani, injini ikiwa imezimwa, huku ukizungusha gurudumu kwa mkono na kupitia gia zote sita kwenda na kurudi.

Kuhusu bodaboda, iache kama ilivyo. Pedeli yake imekaa moja kwa moja juu ya shafti, haina rodi wala mkono wa kugeuza. Pedeli ya namna hiyo yenye kichwa kimoja tu ungeweza kuigeuza nzima itazame nyuma, na kweli gia zingegeuka, lakini kichwa chake kingekuwa nyuma ya mguu wako ambako vidole havifiki. Zamani waliohamishia sehemu za kukanyagia nyuma ndio waliofanya hivyo, na wengine walijikuta wana gia za kinyume bila kukusudia.

R25_Ng'ong'ona

Mimi ni mwanafunzi hapa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na pikipiki yangu nimeigeuza tangu mwaka jana, kwa hiyo ninaongea kama mtumiaji. Asili ya jambo hili ni kwenye viwanja vya mashindano. Ukiwa umelala sana kwenye kona ya kushoto na unataka kupanda gia, kwa mpangilio wa kawaida unatakiwa kuingiza vidole chini ya pedeli, mahali ambapo lami iko karibu mno na kiatu. Kwa mpangilio uliogeuzwa vidole viko juu ya pedeli na unakanyaga tu. Pia unapotoka kwenye kona huku umefungua mafuta yote, mwili unavutwa nyuma, na kukanyaga chini kunakuja kwa urahisi kuliko kuinua.

Nyongeza ndogo kwa fundi: pikipiki ikiwa na kifaa cha kubadilishia gia bila klachi, kihisio chake mara nyingi kiko kwenye rodi hiyo hiyo na kinasoma kama rodi inasukumwa au inavutwa. Mkono ukigeuzwa, kihisio nacho lazima kigeuzwe au kipangwe upya, la sivyo kitakata moto wa injini wakati usiofaa.

Binafsi nilizoea baada ya wiki mbili na sina majuto.

Baba_Neema

Kijana wa R25, ninakuheshimu, lakini naomba uniambie ni kona ipi ya kushoto kutoka Ng'ong'ona hadi mjini ambayo unalala mpaka kiatu kinagusa lami. Hata Nyang'oro, ukitoka Mtera kwenda Iringa, kona ni kali kweli, ila huwezi kuzilalia namna hiyo ukiwa na akili timamu, maana hujui kama mbele kuna lori limekufa, mbuzi, au mchanga ulioletwa na upepo.

Nina sababu ya kusema hivi. Nilinunua pikipiki kwa mtu ambaye alikuwa ameigeuza, na kwa kuwa nilikuwa naiendesha mwenyewe nikaona nizoee tu. Siku moja mdogo wangu aliniomba aende nayo Kibaigwa mara moja. Nilimweleza habari ya gia pale pale Nzuguni, akajaribu kuzunguka mara tatu, akaniambia, "Kaka, nimeelewa." Na kweli alielewa, kwa sababu alikwenda kilomita nyingi bila tatizo lolote. Halafu akataka kulipita lori kwenye mteremko akiwa gia ya pili, gari likatokea mbele, na katika ule mshtuko mguu wake ukafanya kile ulichokifanya kwa miaka kumi: ukainua ili kupata gia ya tatu. Kwenye pikipiki ile kuinua ni kushuka. Ikaingia ya kwanza, akaachia klachi, gurudumu la nyuma likagoma na kuanza kuteleza, naye akaishia kwenye mchanga wa pembeni. Tunamshukuru Mungu kwamba alichunika mikono na goti tu. Niliirudisha pikipiki kwenye mpangilio wa kawaida siku iliyofuata, kabla hata ya kununua kioo kipya.

Kwa hiyo ndugu wa Kikuyu, ukigeuza, pikipiki hiyo isiazimwe kwa mtu yeyote, na fundi anayeijaribu naye aambiwe kabla hajapanda.

Mwalimu_Ipagala

Habari zenu. Mimi nafundisha udereva, na nimesoma majibu yote nikisubiri mtu aseme jambo moja ambalo bado halijasemwa.

Ndugu yetu hana shida ya kona wala ya mashindano. Shida yake ni kuinua kidole. Sasa tuhesabu pamoja. Kutoka kusimama hadi gia ya sita unapanda mara tano kutoka ya kwanza. Ukifika kwenye taa unashuka mara tano. Giaboksi ya pikipiki hupita gia moja moja kwa mpangilio, hairuki, kwa hiyo kwa siku nzima idadi ya kupanda na idadi ya kushuka karibu zinalingana. Gia uliyoipanda lazima utaishuka. Kwa mpangilio wa sasa unainua unapopanda na unakanyaga unaposhuka. Ukigeuza, utakanyaga unapopanda na utainua unaposhuka. Idadi ya kuinua ni ile ile! Tena huenda ikawa mbaya zaidi, kwa sababu kupanda gia mtu hufanya kwa utulivu wake, lakini kushuka mara nyingi hufanyika kwa haraka, mbele ya tuta ambalo hukuliona au nyuma ya daladala iliyosimama ghafla. Na nyutro ikikukosa ukiwa kwenye foleni, ukajikuta umeingia ya pili, itakubidi uinue tena ili kurudi.

Unachohitaji ni pedeli ambayo inakanyagwa pande zote mbili. Pedeli hiyo unayo nyumbani, kwenye bodaboda yako. Ina kichwa cha mbele kwa ajili ya vidole na cha nyuma kwa ajili ya kisigino, na kisigino kikikanyaga nyuma, mbele inainuka, sawasawa na kama ungeinua kwa vidole. Wanafunzi wangu wengi hujifunza kwa pikipiki za namna hiyo na hawajawahi kuinua pedeli kwa kidole hata mara moja.

Mkazi_wa_Kikuyu

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma jibu lako mara mbili, kisha nikatoka nje na kukaa juu ya pikipiki imezimwa, nikahesabu kwa mguu. Nimeona aibu kidogo. Kwa muda wote huu nilikuwa nafikiria kupanda gia tu, kana kwamba pikipiki ikishafika ya sita hairudi tena.

Jumapili nitaichukua bodaboda na kuendesha kwa kisigino peke yake ili nione. Fundi, je, pedeli ya namna hiyo inaweza kufungwa kwenye Honda yangu?

Mzee_wa_Mpwapwa

Wanangu, marahaba kwa wote. Mazungumzo haya yamenikumbusha mbali. Miaka ya 1970 niliendesha Norton ya Mwingereza mmoja aliyekuwa mkandarasi, nayo gia zilikuwa mguu wa kulia, ya kwanza juu na nyingine tatu chini. Kwa hiyo huo mnaouita mpangilio uliogeuzwa, kwangu ndio uliokuwa wa kwanza kujifunza. Pikipiki nyingi za Uingereza zilikuwa na gia kulia na breki kushoto. Marekani ndiyo iliyolazimisha upande mmoja kwa pikipiki zilizotengenezwa kuanzia Septemba 1974, kwamba gia ziwe kushoto na kuinua kuwe ndiko kupanda, na viwanda vikafuata kwa sababu soko lilikuwa kule.

Nilipopata ya Kijapani nilijizoeza vizuri tu. Hata hivyo, miezi mingi baadaye ng'ombe waliingia barabarani, nami nikakanyaga gia nikidhani ni breki. Alichosimulia Baba Neema ninakiamini bila kuhitaji shahidi.

Fundi_Majengo

Mwalimu amenifunga, nakubali. Niliulizwa jinsi ya kugeuza, nikaeleza jinsi ya kugeuza, wala sikuuliza kinachomuuma mteja.

Ndugu wa Kikuyu, kabla ya kuchomelea chochote, fanya jambo ambalo halina gharama. Angalia pedeli yako imekaa juu kiasi gani. Waliokuuzia huenda waliipandisha kwa ajili ya mtu mwenye viatu vikubwa, au ilibaki hivyo tangu ilipofunguliwa mara ya mwisho. Ukikaa na mguu umetulia mahali pake, vidole vinatakiwa kuingia chini ya pedeli bila kukunja kifundo. Kwako, kwa kuwa unaumia kuinua, huenda inafaa ishuke kidogo ili uinue kwa kifundo chote na si kwa kidole. Zungusha rodi nusu mzunguko, jaribu, zungusha tena. Kisha ng'oa mhimili wa pedeli, ufute vumbi lote na upake grisi. Vumbi la hapa kwetu likichanganyika na grisi ya zamani huwa kama msasa, na pedeli inakuwa nzito bila mwenyewe kujua, kwa sababu inazidi polepole. Badilisha pia mpira wa kichwani. Ule uliokwisha huacha chuma kikandamize kiatu.

Kisigino nacho kinawezekana, maana mhimili wa pedeli yako uko pale pale kwenye sehemu ya kukanyagia, hivyo kipande kikirefushwa kuelekea nyuma kitafanya kazi kama cha bodaboda. Lakini kwanza chukua sumaku uiguse pedeli. Ikinasa, ni chuma na mchomeleaji yeyote mzuri wa Chang'ombe ataimudu. Isiponasa ni aluminiamu, na kwa mashine ya kawaida ya vijiti vya chuma haishiki. Itakatika siku usiyoitarajia. Hapo tafuta pedeli ya chuma yenye tundu la ukubwa huo huo, ndiyo ichomelewe.

Mkazi_wa_Kikuyu

Ninaleta mrejesho baada ya wiki tatu. Jumapili ile niliendesha bodaboda kutoka Kikuyu hadi Msalato na kurudi kwa kisigino tu, na sikusikia maumivu yoyote, ingawa mara mbili nilipanda gia bila kutaka kwa sababu kisigino kilikuwa kimelala juu ya pedeli. Kijana wangu alicheka sana akaniambia, "Bosi, kisigino kinaning'inia, hakilali."

Kwenye Honda nilianza na ushauri wa grisi. Kulikuwa na tope jekundu gumu ndani ya mhimili, nami nilipoisafisha pedeli ilirudi yenyewe mahali pake, jambo ambalo haikuwa ikilifanya tangu nilipoinunua. Niliishusha kwa kuzungusha rodi mzunguko mmoja kamili. Maumivu yamepungua kwa kiasi kikubwa, hayajaisha. Sumaku haikunasa, kwa hiyo nimepata pedeli ya chuma iliyotumika katika duka la spea kule Majengo, na mchomeleaji ananiuliza kichwa cha kisigino akiweke sawa na cha mbele au akiinue.

Fundi_Majengo

Akiinue kidogo kuliko cha mbele, kiasi cha unene wa vidole viwili juu ya sehemu ya kukanyagia, ili kisigino kisikiguse mguu ukiwa umepumzika. Akishike kwanza kwa nukta mbili tu za kuchomelea, uje ukae juu ya pikipiki ukiwa umevaa kiatu unachoendea kazini, upitie gia zote, uhakikishe pia kwamba stendi inafunguka bila kugusa. Ukiridhika ndipo achomelee moja kwa moja. Na pedeli iwe imeng'olewa wakati wa kuchomelea, isifanyiwe kazi ikiwa kwenye pikipiki, vinginevyo umeme wa mashine unaweza kuunguza vifaa vyako vya taa na vya injini.